Mei 1916: London waliimba siku sita, Kondoa watu walikuwa wanakufa

Nimeiweka hapa nzima hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkusanyiko wetu wa kwaya na bendi za tarumbeta hapa Dodoma, maana wengi mlikuwa msibani na wengine safarini na mmekuwa mkiniuliza. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Wazee wangu shikamooni. Walimu wenzangu wa kwaya, vijana wa tarumbeta, akina mama wa sauti ya kwanza mliowahi viti vyote vya mbele, habari za tangu asubuhi? Bwana asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu wa bendi ya skauti, asalaam aleikum, karibuni sana, hapa ni nyumbani.

Nimepewa nusu saa niongelee tamasha letu la Desemba, lile la kuchangia wodi ya wazazi. Najua mnangoja ratiba na habari ya sare, hivyo vitakuja, mwenyekiti anavyo kwenye faili lake. Mimi naomba nianze na swali. Hivi ukiimba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo ukumbini, nani atakayejua kama umemwimbia vibaya?

Nimelibeba swali hilo miaka mingi na nitawaambia lilianzia wapi. Nilipokuwa kijana, kwenye mji ambao sitautaja, tuliitwa kupiga kwenye tamasha la kumchangia mtoto aliyetakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kwaya tano na bendi moja, na mimi nilikuwa kwenye hiyo bendi, napiga tromboni. Mazoezi ya pamoja tulifanya siku ngapi? Siku moja. Siku moja ndugu zangu, tena jioni, tena nusu ya watu hawakuja. Tukaambiana hii si ni ya bure jamani, bora liende. Tukapanda jukwaani tukalipua. Kwaya moja walikuwa wanasoma maneno kwenye karatasi huku wanaongopeana beti, sisi bendi tuliingia kwenye wimbo wa taifa mmoja mmoja kama watu wanaokimbilia daladala.

Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Kutoka nilipokuwa nimekaa nilikuwa namwona vizuri. Alikuwa na ile karatasi ya ratiba, akaikunja mara mbili, akaikunja tena mara mbili, ikawa ndogo kama noti, halafu akaifunga kwenye pindo la khanga, pale pale mtu anapofunga hela. Yaani kwake ile karatasi ilikuwa ni hela. Na sisi kule juu tulikuwa tunacheza.

Zikatangazwa hela kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Baadaye tukasikia kilichomfikia yule mama hakifanani na kilichotangazwa, na hakuna mtu aliyekaa naye chini akamweleza gharama zilikwenda wapi. Hilo nitalirudia.

Tangu siku ile nikawa natafuta habari za watu waliofanya matamasha ya hisani kwenye wakati mgumu kuliko wetu. Na wakati mgumu ni upi? Ni vita. Nikasoma nikasoma, nikafika kwa mama mmoja Mwingereza anaitwa Clara Butt, na nikishafika kwake sikutoka tena.

Sauti ya pili, nawaangalia ninyi. Kila siku mnalalamika kwamba solo wanapewa sauti ya kwanza. Clara Butt alikuwa wa kwenu, kontralto, sauti nzito ya chini inayotoka kifuani. Alizaliwa mwaka 1872, alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 2, akisimama pembeni ya kiongozi wa okestra unamwona yeye kwanza. Mwaka 1902 ndiye aliyewaimbia Waingereza kwa mara ya kwanza Land of Hope and Glory ya Edward Elgar, na ule wimbo, vijana wa tarumbeta sikilizeni, melodi yake ilitoka kwenye machi. Machi ya kutembea, Pomp and Circumstance namba 1, ndio ikapewa maneno ikawa wimbo wa mtu kuimba. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie muziki wa bendi na muziki wa waimbaji wa kisomo ni vitu viwili visivyokaa nyumba moja.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914 huyu mama akaanza kuandaa na kuimba kwenye matamasha ya kuchangia. Majeruhi, Msalaba Mwekundu, wanamuziki waliokosa kazi kwa sababu ya vita. Na matamasha ya wakati ule mnaweza kuyaona akilini: bendi za jeshi na sare zao, ngoma kubwa, bendera, mwimbaji anasimama na wimbo wa uzalendo, ukumbi mzima unasimama naye, watu wanatoa hela. Kwani kuna ubaya? Hakuna ubaya wowote, hela ilipatikana na majeruhi walipata bandeji. Clara Butt angeweza kuishi kwa huo wimbo mmoja mpaka vita iishe na asingelaumiwa na mtu.

Lakini Mei 1916 akafanya kitu kingine. Alikodi Queen's Hall, ukumbi mkubwa wa muziki katikati ya London, na kuanzia Jumatatu tarehe 8 mpaka Jumamosi tarehe 13, siku sita mfululizo, ikaimbwa kazi ile ile moja kila siku, The Dream of Gerontius, ya Elgar, Elgar mwenyewe ndiye aliyeongoza, na mapato yakaenda Msalaba Mwekundu. Siku sita! Kazi ambayo inachukua zaidi ya saa moja na nusu, kwaya kubwa, okestra kamili, waimbaji wa solo. Kabla yake ziliimbwa pia kazi mbili mpya za Elgar, na moja ni ile ya mashairi ya Laurence Binyon ya kuwakumbuka waliouawa vitani, For the Fallen, ambayo mistari yake Waingereza wanaisoma kila Novemba mpaka leo.

Mnajua Gerontius ni nini? Ni mzee anakufa. Basi. Hakuna bendera humo ndani, hakuna adui anayepigwa. Kuna mtu kitandani anaogopa, marafiki wamemzunguka wanamwombea, padri anamwambia nenda, roho inatoka, na huko inakokwenda inakutana na malaika anayeichukua, anaitembeza mpaka mbele ya kiti cha hukumu, halafu anaishusha taratibu kwenye maji ya kutakaswa na kuiambia nitakuja kukuchukua asubuhi. Yule malaika ni sauti ya chini ya kike. Ndio Clara Butt.

Sasa fikirini. Ni 1916, kila mtaa wa London una nyumba iliyopata telegramu. Mama amepoteza mtoto huko Ufaransa, hajauona mwili, hakuna kaburi la kwenda kulilia, hakumshika mkono wakati anakata roho. Anakuja Queen's Hall, anakaa, na mbele yake mtu anakufa akiwa ameombewa, taratibu, neno kwa neno, halafu anatokea mama mrefu mwenye sauti nzito anaibeba ile roho. Mnaona alichofanya? Wengine walikuwa wanamwimbia mama huyu ili atoe hela, Clara Butt alimwimbia ili alie, na hela akatoa pia. Mimi nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Na kuna jambo kuhusu kazi hii Gerontius linalotuhusu sisi moja kwa moja, walimu wa kwaya mnisikilize hapa. Mara ya kwanza kuimbwa, Birmingham, tarehe 3 Oktoba 1900, iliharibika. Iliharibika vibaya. Mwalimu wa kwaya aliyekuwa anaijua kazi alifariki miezi michache kabla, akaletwa mwingine aliyekuwa amekwisha staafu, nakala za muziki zilichelewa kufika mikononi mwa wanakwaya, mazoezi yakawa ya zimamoto, na siku yenyewe kwaya ikashuka toni, ikashuka, ikashuka. Elgar aliondoka pale moyo umevunjika kabisa. Unajua nani walioiinua tena? Wajerumani. Mji wa Düsseldorf waliipiga Desemba 1901, wakarudia Mei 1902, kwa mazoezi ya kweli, na ndipo dunia ikasikia kumbe ilikuwa kazi kubwa namna hii. Miaka kumi na nne baadaye watoto wa Düsseldorf na watoto wa Birmingham wanauana kwenye mahandaki na muziki ule ule unachangisha hela ya kuwafunga vidonda.

Noti zilikuwa zile zile 1900 na 1916. Kilichobadilika ni mazoezi. Sina njia nyingine ya kulisema hili.

Naomba maji.

Asante. Sasa turudi kwenye zile tarehe, 8 mpaka 13 Mei 1916, kwa sababu nilipoziona mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti. Mimi ni mtoto wa Kondoa, wengi mnajua. Na mtu wa Kondoa akisikia Mei 1916 anajua ni nini kilitokea kwao. Jenerali van Deventer na wapanda farasi wake kutoka Afrika Kusini, upande wa Waingereza, walikuwa wametoka Arusha mwanzoni mwa Aprili katikati ya masika, farasi wanakufa njiani kwa mbung'o na njaa, magari yamezama kwenye tope, wakaichukua Kondoa tarehe 19 Aprili. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja na Wajerumani wake na askari wake, na askari wake hao ni nani? Ni babu zetu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei akashambulia. Mapigano yakawa ya usiku kucha kwenye vilima vya pale, na Wajerumani hawakufanikiwa kuuchukua mji. Halafu zikafuata wiki za njaa na malaria na kuhara damu kwa pande zote mbili, maana mvua ilikuwa imekata barabara na chakula hakifiki.

Tarehe 9 Mei 1916 ilikuwa Jumanne. Jumanne jioni. London, Clara Butt ni siku yake ya pili, anaishusha ile roho kwenye maji. Kondoa usiku umeingia, risasi zinalia.

Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba babu yake alikamatwa kubeba mizigo ya jeshi mwaka huo huo. Hakusimulia sana, alikuwa akisema tu kwamba alirudi hana kucha za miguuni, na kwamba mpaka anakufa alikuwa hawezi kusikia mtu anapiga kelele ya kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, akawa anasimama popote alipo. Wabebaji ndugu zangu. Waingereza peke yao walichukua wabebaji wanaokaribia milioni moja kwenye vita hii ya Afrika Mashariki, na waliokufa wanahesabiwa kwa makumi elfu, wengi wala si kwa risasi, ni kwa ugonjwa na uchovu na unga mbovu. Kariakoo ya Dar mnayokwenda kununulia sare za kwaya, na Kariakor ya Nairobi, ni majina ya hao hao, Carrier Corps, pale ndipo walipokuwa wanapiga kambi.

Kuna tamasha gani lililoimbwa kwa ajili yao? Nani aliyesimama kwenye ukumbi wenye zulia akasema leo tunamwimbia mbebaji wa Kirangi, wa Kigogo, wa Kinyamwezi, wa Kikamba? Mimi simlaumu Clara Butt. Aliwaimbia aliowajua, na aliimba kwa moyo wote. Ila nasema na sisi tujiulize, kwenye kila tamasha la hisani kuna mtu ambaye hayumo hata kwenye tangazo, na mara nyingi ndiye aliyebeba mzigo.

Lakini sikilizeni walifanya nini hao wabebaji na askari. Hawakungoja kuimbiwa. Walikuwa wamesikia bendi za jeshi, tarumbeta na ngoma kubwa na mguu sawa, wakachukua kile kitu wakakifanya chao, na tunakiita beni. Beni ilikuwepo pwani hata kabla ya vita, Lamu na Mombasa, vijana wa mitaa wanashindana kwa ngoma za mtindo wa bendi ya kijeshi, lakini vita ndiyo iliyoitawanya bara, kambi kwa kambi, vikundi vya Marini na Arinoti, mpaka ikafika huku katikati na kusini mpaka Nyasa. Walikuwa na vyeo, kingi, jenerali, na sare, na magwaride. Kuna watu wakiyasoma haya leo wanaona ni kuiga wazungu tu. Wakoloni wenyewe walikuwa wanaziangalia kwa wasiwasi maana waliona watu wa makabila tofauti wanapanga mambo yao wenyewe bila kuambiwa.

Na ndani ya beni kulikuwa na nini? Kulikuwa na kusaidiana. Mwanachama akiumwa mbali na kwao, wenzake wanamwangalia. Akifa kwenye mji wa watu, wanamzika. Mtu ametoka Tabora kafia Dar, hana ndugu, hana mjomba, lakini ana beni yake, basi atazikwa kama mtu. Ninyi vijana wa tarumbeta mnaopiga kwenye harusi na misiba, mkichanga elfu mbili mbili mwenzenu akifiwa, msidhani mmeanza ninyi. Hiyo ni miaka zaidi ya mia moja.

Kwa hiyo bendi ya jeshi imefanya kazi nyingi sana za huruma hapa duniani na hatuziongei. Niwape moja ya Ulaya, nayo nitapita haraka. Arturo Toscanini, Mtaliano, kiongozi wa okestra ambaye watu walikuwa wanamwogopa kwa ukali wake kwenye mazoezi, vita ya kwanza alipiga matamasha ya kuchangia bila kuchukua malipo, halafu akaona haitoshi. Akaunda bendi ya kijeshi akaenda nayo mpaka mstari wa mbele. Agosti 1917, mlima unaitwa Monte Santo, umetekwa juzi tu, Waaustria bado wanapiga mizinga, yeye yuko pale juu na bendi yake wanapiga muziki kwa askari waliokuwa wanapanda. Alipewa medali ya fedha ya ushujaa. Mtu wa miaka 50 huyo, mwenye jina, angeweza kukaa Milano anakunywa kahawa.

Ninachokipenda kwake ni cha baadaye, vita ya pili. Alishakimbia Italia ya Mussolini, yuko New York. Tarehe 25 Mei 1944, Madison Square Garden, ukumbi wa ngumi na michezo, watu kama elfu 18, tamasha la Msalaba Mwekundu. Okestra mbili kubwa za mji zimeunganishwa, waimbaji wa opera, Zinka Milanov, Jan Peerce, Leonard Warren, wanaimba kipande kizima cha mwisho cha Rigoletto ya Verdi. Zikapatikana zaidi ya dola 100,000. Na mwisho wa yote unajua Toscanini alipiga nini? Machi ya bendi. The Stars and Stripes Forever, ya John Philip Sousa, mzee wa bendi za kijeshi za Marekani. Mtu aliyewahi kukaa na Verdi mwenyewe, anamaliza na machi ya tarumbeta, na aliipiga kwa uzito ule ule. Rekodi ipo, isikilizeni. Hakuna noti iliyolipuliwa.

Na huyo Sousa, naye nimtaje kwa sentensi moja tu, vita ya kwanza akiwa na miaka 62 alijiunga na jeshi la maji akafundishe vijana wa bendi kule Great Lakes karibu na Chicago, mshahara akajiachia dola 1 na uliobaki ukaenda kwenye mfuko wa kusaidia mabaharia na askari.

Si ndio? Mko na mimi? Haya, sasa ile habari ya hela niliyosema nitairudia.

Mwaka 1939 vita ya pili imeanza, London wamefunga kumbi zote za muziki kwa kuogopa mabomu. Wanamuziki hawana kazi. Kule Trafalgar Square kuna jumba la picha la taifa, National Gallery, na picha zote zimeshatolewa zikafichwe mbali, limebaki jumba tupu, kuta zina alama tu za mahali picha zilipokuwa. Mpiga piano mmoja, mama wa Kiyahudi anaitwa Myra Hess, akaenda kumwomba mkurugenzi wa jumba, naomba tupige muziki humu mchana, watu wa ofisini waje saa ya chakula. Wakamkubalia. Tarehe 10 Oktoba 1939, saa saba mchana, yeye mwenyewe akakaa kwenye piano. Kiingilio shilingi moja. Wakatarajia watu wachache, foleni ikazunguka jumba.

Akapiga nini? Bach. Beethoven. Wajerumani! Wakati nchi iko vitani na Wajerumani na watu wanaogopa mabomu yao. Hakuna aliyenyanyuka.

Matamasha yale yalikwenda kila siku ya kazi mpaka Aprili 1946. Matamasha 1,698, waliohudhuria watu 824,152. Mabomu yakianguka wanashuka chini ya jengo wanaendelea. Kuna siku bomu lililoangukia pale bila kulipuka lililipuka wenzetu wa nyuzi wako katikati ya Beethoven, chumba cha mbali kidogo, na hawakuacha kupiga. Watu wa bendi ya jeshi la anga nao walikuja kupiga pale na sare zao, maana jeshi lilikuwa limechukua wanamuziki wengi hodari na kuwaweka kwenye bendi.

Lakini haya yote ni ya kusimuliwa, mimi nawataka kwenye hesabu. Kila mpigaji alilipwa sawa. Mwenye jina kubwa na kijana aliyetoka chuoni jana, gini tano kila mmoja, hela ya Kiingereza ya zamani, basi. Myra Hess mwenyewe hakuchukua chochote. Kilichobaki kikaenda kwenye mfuko wa wanamuziki wenye shida. Kulikuwa na akina mama wanauza mikate yenye zabibu na asali, na faida ya mikate nayo ikaingia kwenye mfuko. Unaona raha ya kitu kile? Kijana aliyekosa kazi hakuja pale kuomba. Alikuja kupiga, akalipwa sawa na bingwa, akaenda nyumbani kichwa juu. Na mtu mwenye shilingi moja alikaa kiti kile kile ambacho waziri angekaa.

Viti! Hilo la viti limeniingia akilini sasa hivi, halikuwa kwenye karatasi yangu lakini nitalisema. Marian Anderson, kontralto mwingine huyo sauti ya pili, Mmarekani mweusi, alikataliwa kuimba Constitution Hall kule Washington mwaka 1939 kwa sababu ya rangi yake, akaimbia nje, kwenye ngazi za mnara wa Lincoln, watu 75,000. Vita ilipokuja wakamwita wenyewe kwenye ukumbi ule ule, Januari 1943, tamasha la kuwachangia Wachina waliokuwa wanateseka na vita. Akasema nitaimba, ila watu wakae pamoja, weusi na weupe, hakuna kutenga viti. Wakakaa pamoja. Angeweza kusema sitawaimbia ninyi kamwe. Akachagua kuwasaidia Wachina, na katika kuwasaidia Wachina akavunja kamba ya viti. Kwa hiyo naomba Desemba tusiwe na ile tabia ya kuwapanga wageni wenye bahasha mbele na akina mama wa wodi waliojifungua, wale tuliowaalika, nyuma karibu na mlango. Nimeshamwona mama karibu na mlango mara moja, imenitosha.

Basi nimalizie kwa mambo ya kazi.

Mazoezi ya pamoja si siku moja. Nimekubaliana na mwenyekiti ni Jumanne na Alhamisi, wiki nane, saa kumi na moja jioni, na asiyehudhuria mazoezi sita hapandi jukwaani hata kama ana sauti ya malaika. Bendi mtakaa na kwaya kuanzia wiki ya tatu, si wiki ya mwisho, kwa sababu tarumbeta zikiingia ghafla kwaya inapanda toni yenyewe bila kujua. Nyimbo ni tano tu. Najua kila kwaya imeleta wimbo wake, tumepokea kumi na nne, tutaimba tano. Na mmoja utakuwa wa polepole, wa mama anayefariki akijifungua, mwalimu mwenzangu ameutunga na ni mgumu, una ukimya wa mapigo manne katikati ambao naomba msiufunike kwa makofi wala vigelegele.

Hela. Mhasibu tumemwomba asiwe mtu wa kwetu. Kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, mafuta ya jenereta, viti vya kukodi, maji, itabandikwa ukutani nje ya wodi Jumatatu inayofuata, kwa maandishi makubwa, na nesi mkuu wa wodi ndiye atakayesaini kupokea. Wala haitatangazwa kwenye kipaza sauti usiku ule. Itasomwa ukutani.

Na kuna kiti kimoja tutakiacha wazi mstari wa mbele, katikati. Mtu asikikalie, hata mgeni rasmi. Mimi nitakapoongoza nitakuwa nakiangalia hicho.

Haya, mwenyekiti ana ratiba, mfuateni pale mezani. Tarumbeta mnaweza kwenda kunywa chai. Sauti ya pili mbaki kidogo, nina solo ya kuwapa.